Wagiriki wa Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha, Utamaduni na Vita Vyao

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara Wagiriki wa kale wanapotajwa, darasani au barazani. Mengine yana jibu la mistari miwili, mengine nimeyakalia kwa muda kwa sababu yanastahili. Alama ya KK ni kabla ya Kristo na BK ni baada ya Kristo. Katika miaka ya KK hesabu hushuka, kwa hiyo mwaka 490 KK ulitangulia mwaka 480 KK.

Wagiriki na Wayunani ni watu wale wale?

Ndiyo. Wagiriki waliokaa pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo waliitwa Waionia. Waajemi, waliopakana nao, wakawaita Wagiriki wote Yauna, Waarabu wakasema Yunan, na kwa njia hiyo Biblia ya Kiswahili ikapata Wayunani. Jina la Wagiriki limepita njia nyingine, kutoka Kilatini. Wao wenyewe hawakutumia hata moja kati ya hayo mawili: walijiita Hellenes, na nchi yao Hellas.

Ugiriki ya kale ilikuwa nchi moja?

Hapana, na hili ndilo jambo la kwanza la kulishika, maana bila hilo vita vyao havieleweki. Kulikuwa na miji zaidi ya 1,000 iliyojitawala, na kila mmoja uliitwa polis. Kila mji ulikuwa na sheria zake, jeshi lake, kalenda yake, na mingi ilikuwa na sarafu yake. Mtu wa Athens akienda Thebes, safari ya siku mbili tatu kwa miguu, alikuwa mgeni kule: haruhusiwi kumiliki shamba wala kusema neno kwenye baraza la raia.

Milima ndiyo iliyowatenga na bahari ndiyo iliyowaunganisha. Ardhi ilipokuwa haitoshi, watu walipanda merikebu wakaenda kuanzisha mji mwingine mbali: Syracuse kisiwani Sicily, Massalia ambao leo ni Marseille, Byzantium ambao leo ni Istanbul, na Cyrene katika Libya ya leo. Mwanafalsafa Plato aliandika kwamba wanakaa kuizunguka bahari kama vyura kandokando ya bwawa. Walichoshirikiana ni lugha, miungu, mahekalu na michezo. Serikali moja hawakuwa nayo kamwe, mpaka walipotiishwa na wengine.

Ustaarabu wao ulianza lini?

Kabla yao kisiwani Crete kulikuwa na Waminoa, wenye majumba makubwa ya kifalme kama lile la Knossos. Maandishi ya Waminoa hayajasomwa hadi leo. Kisha wakaja wafalme wa Mycenae, bara, na hao walizungumza Kigiriki. Hilo tulithibitishiwa mwaka 1952, Michael Ventris alipofumbua vibao vyao vya udongo. Vibao havikuwa na mashairi. Vilikuwa hesabu za ghala: kondoo, mafuta, magurudumu ya magari ya farasi.

Karibu mwaka 1200 KK majumba hayo yakaanguka, yakachomwa moto, na maandishi yakasahaulika kwa karne kadhaa. Walipoanza kuandika tena, karibu na karne ya 8 KK, walikopa herufi za Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni. Aliyepita madrasa ataona udugu mara moja: alifu ya Kiarabu na alfa ya Kigiriki zimetoka kwa mzazi mmoja, na bee na beta vilevile. Wagiriki waliongeza herufi kamili za irabu, na hapo maandishi yakawa rahisi hata kwa fundi na mchungaji.

Vita vya Troya vilitokea kweli?

Mji ulikuwapo. Magofu yake yako Hisarlik, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, na Heinrich Schliemann alianza kuyachimba kwa kishindo miaka ya 1870. Yako matabaka ya miji kadhaa, mmoja juu ya mwingine, na baadhi yana dalili za moto na vita. Lakini shujaa Achilles, malkia Helen na farasi wa mbao ni wa utenzi, si wa kumbukumbu. Tenzi za mshairi Homer zilighaniwa kwa mdomo vizazi na vizazi kabla ya kuandikwa, na anayejua jinsi tendi zinavyoghaniwa Lamu na Pate hatashangaa kwamba mghani mmoja aliweza kubeba maelfu ya beti kichwani.

Kwa nini Waajemi waliwavamia?

Uajemi ilikuwa dola kubwa kuliko zote za wakati ule, kuanzia bonde la Indus hadi Misri. Miji ya Waionia ilikuwa chini yake. Mwaka 499 KK ikaasi, na Athens ikaipelekea merikebu 20. Waasi walichoma Sardis, makao ya liwali wa Mwajemi. Uasi ulizimwa mwaka 494 KK, lakini mfalme Darius hakuisahau Athens.

Mwaka 490 KK jeshi lake likashuka ufukweni Marathon. Waathene, wakisaidiwa na mji mdogo wa Plataea peke yake, waliwashambulia wakashinda. Wafu wa Athens walikuwa 192, na kilima walichozikwa bado kipo. Miaka kumi baadaye Xerxes, mwana wa Darius, alikuja mwenyewe na jeshi kubwa zaidi, kwa nchi kavu na kwa bahari. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus ameyapanga mataifa yaliyokuwa ndani ya jeshi hilo moja baada ya jingine, na wamo Waethiopia waliovaa ngozi za chui na simba, wenye pinde ndefu na mishale yenye ncha za jiwe, waliojipaka nusu ya mwili chokaa na nusu rangi nyekundu.

Ni kweli mtu alikimbia kutoka Marathon hadi Athens akafa?

Herodotus, aliyeandika karibu zaidi na tukio, hana kisa hicho. Chake ni kizito zaidi: kabla ya vita tarishi aitwaye Pheidippides alitumwa kutoka Athens kwenda Sparta kuomba msaada, kama kilomita 240, akafika siku ya pili yake. Wasparta walimjibu kwamba sheria yao haiwaruhusu kutoka mpaka mwezi uwe mpevu. Walifika vita vimekwisha. Wakaomba waonyeshwe maiti za Waajemi, wakawasifu Waathene, wakarudi kwao. Habari ya mkimbiaji aliyetangaza ushindi akaanguka akafa iliandikwa karne nyingi baadaye.

Hata hivyo ni kisa hicho cha baadaye kilichozaa mbio za marathoni, zilizokimbiwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya Athens mwaka 1896. Olimpiki iliporudi huko mwaka 2004, wakimbiaji waliondoka Marathon penyewe, na Mkenya Catherine Ndereba akaingia Athens na medali ya fedha.

Thermopylae walikuwa 300 tu?

Wasparta ndio waliokuwa 300, chini ya mfalme Leonidas. Jeshi zima la Wagiriki pale lilikuwa kama watu 7,000. Njia ilikuwa nyembamba, mlima upande mmoja na bahari upande mwingine, na waliishika kwa siku mbili mpaka mwenyeji mmoja alipowaonyesha Waajemi kijia cha mlimani. Leonidas aliwaruhusu wengi waondoke. Waliobaki naye kufa hawakuwa Wasparta peke yao: watu 700 wa Thespiae walikataa kuondoka, na hao walikuwa karibu askari wote wa mji wao. Wanatajwa kwa nadra, na naona si haki. Sparta ilipoteza 300. Thespiae ilipoteza karibu kizazi kizima cha wanaume.

Basi waliwashindaje Waajemi?

Baharini, katika mlango mwembamba wa Salamis, mwezi Septemba mwaka 480 KK.

Miaka michache kabla, mshipa mpya wa fedha ulikuwa umepatikana katika migodi ya Laurion karibu na Athens. Raia walitaka wagawane. Themistocles, mwanasiasa wa Athens, akawashawishi wajenge merikebu 200 za vita badala yake. Merikebu hizo ziliitwa trireme: nyembamba, ndefu, zenye wapiga makasia 170 waliokaa safu tatu, moja juu ya nyingine, na omo yenye pembe ya shaba ya kutoboa ubavu wa adui. Kila mpiga makasia alikuja na kasia lake, kamba ya kulifungia, na mto mdogo wa kukalia, maana kukaa juu ya ubao siku nzima huchubua. Hao hawakuwa watumwa wenye minyororo kama filamu zinavyoonyesha. Wengi wao walikuwa raia maskini, wanaolipwa.

Xerxes alipofika Athens aliukuta mji mtupu. Wanawake na watoto walikuwa wamevushwa kwenda Troezen, Aegina na Salamis. Akachoma mahekalu ya Acropolis, kilima cha katikati ya mji, na watu waliuona moshi kutoka ng'ambo ya maji. Manahodha wa miji mingine walitaka kukimbilia kusini, kila mtu akalinde kwao. Themistocles akamtuma mtumwa wake Sicinnus, mlezi wa watoto wake, aende usiku kwa Waajemi awaambie kwamba Wagiriki wanataka kutoroka. Xerxes akaziba njia zote za kutokea. Asubuhi Wagiriki hawakuwa na pa kwenda, ikabidi wapigane pamoja, mahali ambapo wingi wa merikebu za Mwajemi uligeuka mzigo: zilisongamana, makasia yakagongana, za mbele zikashindwa kurudi kwa kuwa za nyuma zinasukuma. Xerxes aliyatazama hayo akiwa amekaa kwenye kiti chake mlimani. Sicinnus baadaye alipata uraia wa Thespiae na mali.

Mwaka uliofuata, 479 KK, jeshi la nchi kavu la Waajemi lilivunjwa Plataea, safari hii Wasparta wakiongoza.

Askari wa Kigiriki alipiganaje hasa?

Aliitwa hoplite. Serikali haikumpa silaha, alinunua mwenyewe, kwa hiyo maskini hakuweza kuwa hoplite. Alikuwa na chapeo ya shaba, dirii, mkuki wa zaidi ya mita mbili, na ngao ya duara yenye upana wa karibu mita moja na uzito wa kilo kama 7. Ngao ilivalishwa mkono wa kushoto. Ilikinga upande wake wa kushoto, na nusu iliyobaki ilikinga ubavu wa kulia wa mwenzake.

Hapo ndipo lilipo jambo moja ambalo mwanahistoria Thucydides, aliyewahi kuwa jemadari, aliliona na kuliandika. Jeshi lolote linapotembea kumkabili adui, huvutwa kulia. Kila mtu anaogopea ubavu wake wa kulia usio na ngao, basi anajisogeza kidogo kidogo karibu na ngao ya jirani yake. Wa mwisho upande wa kulia naye anajisogeza nje ili asipigwe ubavuni, na wote wanamfuata. Maelfu ya watu, bila amri ya mtu, wanapinda njia kwa hofu hiyo moja. Ukiisoma sentensi hiyo unamwona mtu ndani ya shaba.

Demokrasia ya Athens ilifanyaje kazi?

Cleisthenes aliiwekea msingi mwaka 508 KK kwa kuwapanga raia upya katika makabila kumi yaliyochanganya watu wa pwani, wa mjini na wa bara, ili koo kubwa zisizidi kushika mji mkononi. Halafu raia wenyewe, si wabunge, ndio waliokutana kwenye kilima cha Pnyx kuamua vita, kodi na sheria. Uamuzi wa mambo fulani ulihitaji watu 6,000. Waliochelewa kwa kupiga soga sokoni walisukumwa kwa kamba iliyochovywa rangi nyekundu, na aliyeonekana na doa kwenye nguo alijulikana.

Baraza la watu 500 lililoandaa mambo halikuchaguliwa kwa kura za kampeni. Lilichaguliwa kwa bahati nasibu, 50 kutoka kila kabila, kwa mwaka mmoja. Waamuzi mahakamani pia walikuwa raia waliopatikana hivyo hivyo, mara nyingi 500 na zaidi kwa kesi moja, na muda wa kila msemaji ulipimwa kwa mtungi unaovuja maji. Viongozi wa jeshi ndio waliochaguliwa kwa kura, kwa sababu vita vinataka anayejua.

Walikuwa pia na kura ya kumfukuza mtu. Mara moja kwa mwaka wangeweza kuamua kuandika kwenye kigae cha chungu jina la mwanasiasa wanayemwona hatari. Vigae vikifika 6,000, mwenye jina lililozidi aliondoka mjini miaka 10, mali yake ikabaki salama. Inasimuliwa kwamba mwaka mwanasiasa Aristides alipofukuzwa, mtu wa shamba asiyejua kusoma alimpa kigae chake bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Aristides akamuuliza, amekukosea nini? Yule akajibu kwamba hamjui hata kwa sura, ila amechoka kusikia kila mahali akiitwa mwadilifu. Aristides aliandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae. Fitina nayo ilikuwapo: wachimbaji walipata kisimani vigae kama 190 vyenye jina la Themistocles, vimeandikwa na mikono 14 tu. Mtu alikuwa amewaandalia wapiga kura.

Na wanawake? Na watumwa?

Hawakuwa na kura. Mgeni mkaazi pia hakuwa nayo, hata kama babu yake ndiye aliyehamia. Mwanamke wa Athens hakuweza kusimama mahakamani bila mwanamume wa kumsemea. Mahali alipokuwa na heshima ya wazi ni katika ibada: makuhani wakuu wa Athena mjini, na Pythia wa Delphi aliyetoa kauli za Apollo, walikuwa wanawake. Kisiwani Lesbos kulikuwa na Sappho, na Wagiriki wenyewe walimhesabu miongoni mwa washairi wao wakubwa kabisa.

Watumwa walikuwa kila mahali, jikoni, kwenye karakana, shambani. Walio na hali mbaya kuliko wote walichimba fedha Laurion, ndani ya mashimo membamba wakitambaa kwa taa ya mafuta. Fedha iliyojenga merikebu za Salamis ilitoka mikononi mwao. Mwanafalsafa Aristotle, mwenye akili kubwa kiasi kile, aliandika kwamba wapo watu walioumbwa kuwa watumwa. Sisi wa pwani hii tunajua maneno hayo yaliwagharimu nini watu karne nyingi baadaye, na sioni sababu ya kuyapita kimya ili tuusifie uzuri wa Parthenon, hekalu la Athena.

Sparta ilikuwa tofauti vipi?

Wafalme wawili kwa wakati mmoja, wazee 28 wa baraza, wasimamizi watano wanaobadilika kila mwaka. Mtoto wa kiume aliondolewa nyumbani akiwa na miaka 7 akalelewa kambini. Wanawake wao walifanya mazoezi hadharani na kumiliki ardhi, jambo lililowashangaza Wagiriki wengine. Lakini yote hayo yaliwezekana kwa sababu mtu mwingine alilima: Wahelot, watu wa Messenia na Laconia waliofanywa watumwa ndani ya nchi yao, waliokuwa wengi kuliko mabwana zao. Sparta iliishi kijeshi kwa hofu ya watu hao kuliko hofu ya adui wa nje.

Kwa nini Athens na Sparta zilipigana zenyewe kwa zenyewe?

Baada ya Waajemi kurudishwa, Athens iliongoza umoja wa miji ya visiwani na pwani. Miji ilitoa merikebu au fedha kwa ulinzi wa pamoja. Mwaka 454 KK hazina ikahamishiwa Athens, na mchango ukawa kodi. Mji uliotaka kujitoa ulizingirwa. Thucydides alisema sababu ya kweli ya vita ilikuwa kukua kwa nguvu ya Athens na hofu iliyoingia Sparta.

Vita vilidumu kuanzia 431 hadi 404 KK, na nikiulizwa ni vita gani vya Wagiriki mtu avisome kwa makini, ndivyo hivi. Pericles, kiongozi wa Athens, aliwaingiza watu wote wa mashambani ndani ya kuta zinazoiunganisha Athens na bandari yake. Sparta ichome mashamba itakavyo, chakula kitakuja kwa bahari. Kilichokuja kwa bahari pia ni tauni, mwaka 430 KK, ikawakuta wamebanana vibandani. Thucydides mwenyewe aliugua akapona. Pericles alikufa mwaka 429 KK.

Mwaka 427 KK mji wa Mytilene, ulioasi, ulisalimu amri. Baraza la Athens, kwa hasira, likapiga kura wanaume wote wauawe na wanawake na watoto wauzwe, na merikebu ikaondoka jioni hiyo na amri. Asubuhi watu waliamka na majuto, wakakutana tena, wakabadili uamuzi kwa kura chache. Merikebu ya pili ikatumwa kuikimbiza ya kwanza. Wajumbe wa Mytilene waliwapa mabaharia divai na unga wa shayiri, nao wakala huku wakivuta makasia, unga umekandwa kwa divai na mafuta, wakalala kwa zamu. Ile ya kwanza, iliyobeba kazi ya kuchukiza, haikuwa na haraka. Jemadari alikuwa amekwisha kuisoma amri na anajiandaa kuitekeleza, ya pili ikatia nanga. Wakuu wa uasi waliuawa, mji ukasalimika.

Miaka 11 baadaye, kisiwani Melos, watu waliokataa tu kujiunga na Athens walipewa hukumu ile ile. Safari hii hakuna merikebu ya pili iliyotumwa.

Mwaka 415 KK Athens ikapeleka jeshi kubwa kuiteka Syracuse, kule Sicily. Mwaka 413 KK halikubaki kitu. Mateka kama 7,000 walitupwa katika machimbo ya mawe, jua mchana na baridi usiku, kila mtu na robo lita ya maji kwa siku na vikombe viwili vya nafaka, kwa miezi minane. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba wachache waliachiliwa kwa kuwa walijua kwa moyo mistari ya tamthilia za Euripides, na watu wa Sicily waliipenda mno.

Sparta ilishinda mwishoni kwa merikebu zilizolipiwa na fedha ya Mwajemi, yule yule waliyemfukuza pamoja. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kuta za Athens zilibomolewa mwaka 404 KK huku zumari zikipigwa, na waliokuwapo waliamini kwamba siku hiyo ndiyo mwanzo wa uhuru wa Wagiriki.

Socrates aliuawa kwa kosa gani?

Mwanafalsafa huyo wa Athens alishtakiwa mwaka 399 KK, akiwa na miaka 70, kwamba haitambui miungu ya mji na anawapotosha vijana. Ukumbuke ni miaka mitano tu tangu kushindwa. Critias, kiongozi wa watawala 30 walioua raia wengi chini ya ulinzi wa Sparta, na Alcibiades, aliyehamia kwa adui katikati ya vita, wote walikuwa wamekaa miguuni pake. Mji uliojeruhiwa ulitafuta wa kumlaumu. Alipotakiwa kujipendekezea adhabu, alisema anastahili kulishwa bure na serikali kama mshindi wa Olimpiki. Akanywa sumu gerezani, ingawa marafiki walikuwa tayari kumtorosha.

Olimpiki yao ilifanana na ya sasa?

Kidogo. Ilifanywa Olympia kila miaka minne kwa heshima ya Zeus, na kwa jadi ilianza mwaka 776 KK. Mbio kuu ilikuwa ya urefu mmoja wa uwanja, mita 192. Walioshindana ni wanaume Wagiriki walio huru, uchi, na mshindi alipewa taji la majani ya mzeituni mwitu. Wasafiri wa kwenda na kurudi walilindwa na mapatano matakatifu, hata miji yao ikiwa vitani.

Tamthilia zilikuwa burudani tu?

Zilikuwa ibada ya Dionysus, mungu wa divai, na mashindano ya mji mzima. Mtunzi wa tamthilia Aeschylus alipigana Marathon, na mwaka 472 KK alionyesha mchezo juu ya kushindwa kwa Xerxes, miaka minane tu baada ya Salamis. Aliuweka mchezo huo kwenye ikulu ya Waajemi, katikati ya mama wa mfalme na wazee wanaowalilia vijana wao. Waathene waliochomewa nyumba zao walikaa wakasikiliza kilio cha adui, na mchezo ukapata tuzo ya kwanza. Sijui watu wengi ambao wangeweza hilo.

Alexander alikuwa Mgiriki?

Alikuwa mfalme wa Makedonia, kaskazini, mwenye kuzungumza Kigiriki na kufundishwa na Aristotle. Baba yake Philip aliishinda Athens na Thebes mwaka 338 KK pale Chaeronea, na uhuru wa miji ukaishia hapo. Alexander aliivunja dola ya Uajemi, akafika India, akafa Babylon mwaka 323 KK akiwa na miaka 32. Majemadari wake waligawana nchi. Ukoo wa Ptolemy ulitawala Misri hadi Cleopatra, mwaka 30 KK. Ugiriki yenyewe ilikuwa imekwisha mezwa na Roma, iliyoubomoa Korintho mwaka 146 KK.

Elimu yao ilitufikiaje?

Kwa sehemu kubwa kupitia Kiarabu. Katika karne ya 9 BK, Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walitafsiri vitabu vya Kigiriki vya tiba na falsafa. Maneno yakasafiri na bidhaa: falsafa, kalamu, karatasi, almasi, dirhamu, askofu na Injili ni maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kigiriki yaliyopita kwa Waarabu. Mtoto anayeandika kwa kalamu juu ya karatasi ameshika Kigiriki mkono huu na huu.

Wagiriki walifika pwani ya Afrika Mashariki?

Ndiyo. Katikati ya karne ya 1 BK, mfanyabiashara wa Misri anayeandika Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Jina lake halimo. Pwani yetu anaiita Azania, na soko la mwisho kusini analiita Rhapta. Wanaakiolojia hawajakubaliana lilipokuwa, na wengi hutazama pwani ya Tanzania, hasa delta ya Rufiji. Waliosafirisha bidhaa walileta mikuki, mashoka, majambia na vyombo vya kioo, wakachukua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Sehemu nyingine walileta pia divai na ngano, si za kuuza, bali za kuwapa wenyeji ili wapate urafiki. Manahodha Waarabu, anasema, walioa huku na kuijua lugha ya wenyeji.

Jina Rhapta latokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu mashua za pale zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Mtepe wa Lamu, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ni wa ukoo huo huo.

Kabla ya Rhapta anataja kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho wengine husema ni Pemba, wengine Unguja au Mafia. Ni tambarare, anasema, kina miti, mito na ndege wengi. Watu wake wana mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, wanavua samaki na kasa. Na wana namna yao ya pekee ya kuvua, ambayo mgeni yule ameisimulia kwa uangalifu: vikapu vya kusuka, vinavyotegwa kwenye milango ya maji kati ya miamba. Mvuvi yeyote wa Mkokotoni au Kilindoni angeyatambua kwa kuyaona: ni madema.